Kupunguza kengele si kupunguza usalama

Jumapili ya tarehe 24 Julai 1994, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texaco huko Milford Haven, Wales, kililipuka na kujeruhi watu 26. Asubuhi radi ilikuwa imevuruga mitambo. Baadaye vali moja ikakwama ikiwa imefungwa, huku skrini ikionyesha iko wazi, na mafuta yakazidi kuingia mahali ambapo hayakuwa na pa kutokea. Uchunguzi wa wakaguzi wa usalama wa Uingereza ukabaini jambo moja ambalo kila anayepanga kengele kwenye programu za kudhibiti mitambo angepaswa kulikariri: katika dakika 11 za mwisho, maopareta wawili walipigiwa kengele 275.

Ukigawanya, ni kengele moja kwa chini ya sekunde mbili na nusu. Muda huo hautoshi hata kusoma jina la kifaa, sembuse kukitafuta kwenye skrini, kumuuliza mwenzako na kuamua. Linalowezekana ni kubonyeza kitufe ili mlio unyamaze, kisha kubonyeza tena. Hata kuchagua lipi lianze hakukuwezekana, kwa sababu asilimia 87 ya kengele za mfumo ule zilikuwa zimepewa kipaumbele cha juu. Watu wale hawakukosa taarifa hata kidogo. Walizidiwa nazo.

Ndiyo maana inaniuma kuona mhandisi anayependekeza kufuta mamia ya kengele bado anatazamwa kama mtu anayechezea roho za watu.

Wanaompinga wana hoja nzito. Machi 2005, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, watu 15 walikufa baada ya mnara kujazwa kupita kiasi. Kengele ya pili ya kuonya kwamba kina cha mnara kimezidi haikulia. Desemba mwaka huohuo, huko Buncefield, Uingereza, petroli ilifurika tangini: kipimo kilikuwa kimekwama, na swichi ya akiba ya kupiga kengele haikufanya kazi kwa kuwa kufuli ya kushikilia wenzo wake haikuwa imewekwa. Aliyesoma habari hizi, ukimwambia afute kengele, ana haki ya kukuuliza nani atajibu siku itakapohitajika. Tena kengele iliyonyamazishwa "kwa muda" husahaulika kirahisi mno zamu zinapobadilishana.

Lakini tuitazame Texas City vizuri. Kengele ya kwanza ililia, na kujaza kukaendelea, kwa kuwa kuvuka kiwango kile wakati wa kuwasha mtambo kulishazoeleka. Buncefield nako ilihitajika kengele nzima, si kengele nyingi.

Tatizo limekuzwa na urahisi. Zamani kengele moja ilidai waya, taa na nafasi kwenye paneli; nafasi ikiisha, watu walikaa wakajadili ipi itoke. Leo kila kipimo kinachoingizwa kwenye programu huja na visanduku vinne: juu, juu sana, chini, chini sana. Fundi aliye mbioni kukabidhi mradi anavitia alama vyote, na vipimo 500 vinazaa kengele 2000 ambazo hakuna aliyeziomba.

Chukua tangi lenye kengele kwenye asilimia 80. Mafuta yakitikisika kati ya 79.8 na 80.1, opareta anapigiwa kengele ileile usiku kucha. Dawa yake ni mistari miwili ya mipangilio: kengele isilie hadi kina kikae juu ya 80 kwa sekunde 60, na ikishalia isijifute hadi kishuke chini ya 75. Kwa tangi linalojaa polepole, dakika hiyo haipunguzi usalama wowote.

Mwongozo wa kengele uitwao EEMUA 191, uliotolewa mwaka 1999 na chama cha Uingereza cha watumiaji wa vifaa vya kihandisi, unalenga wastani wa kengele moja kila dakika kumi mtambo ukiwa umetulia. Wapo wanaoona hiyo ni ndoto. Mimi naona ni kipimo cha uwezo wa binadamu, na kinachopaswa kubadilika ni utaratibu wetu. Anayetaka kufuta kengele hudaiwa maandishi na saini, na ni sawa. Anayetaka kuongeza naye adaiwe hivyohivyo: aandike opareta atafanya nini ikilia, na ana dakika ngapi za kulifanya. Asipokuwa na jibu, taarifa hiyo iingie kwenye kumbukumbu za mfumo, isipige kelele chumbani.