Mitungi Mitatu ya Mama Rehema

Jamani, mimi kazi yangu ni kuchora. Si tingatinga za kuwauzia watalii, hapana. Nachora sura za programu za simu, kitufe kikae wapi na ukikibonyeza upelekwe wapi. Na kinachonizeesha si kuchora, ni kuchagua kitu cha kuchorea.

Nilianza kwa kuitamani Sketch, programu ya kuchorea, ipo tangu 2010, kila fundi anaisifia. Kumbe inataka kompyuta ya Apple, na yangu ni mtumba wa Kariakoo, betri ilishafariki, inaishi kwa waya kama mgonjwa wa dripu. Nikaitupia jicho Adobe XD. 2023 wenyewe wakaacha kuiendeleza, wakabaki kuizibaziba viraka. InVision? Imefungwa mwisho wa 2024. Nikasema basi, Figma, hiyo inafunguka kwenye kivinjari, kompyuta yoyote. Nayo 2022 ikaposwa na Adobe, kampuni ile ile ya XD, kwa dola bilioni 20! Nikakaa roho juu kama mama wa bibi harusi, mpaka wasimamizi wa masoko Ulaya na Uingereza walipoweka ngumu na uchumba ukavunjika, Desemba 2023. Sikualikwa hata kwenye kikao, lakini presha ilikuwa yangu.

Nikatulia na Figma. Bando linaisha kabla ya chakula cha mchana, ila nimetulia.

Ndipo akaja mzee wa gesi. Anauza mitungi pale Temeke, anataka watu waagize kwa simu. Nikamtengenezea prototaipu ya kufa mtu. Prototaipu, kwa wasiojua, ni kama lile sanamu la dukani lililovalishwa suti: linapendeza, lakini ukilisalimia haliitikii. Inabonyezeka, inateleza, nyuma yake hakuna kitu. Ili isionekane tupu nikaweka oda ya kubuni: Mama Rehema, Kigamboni, karibu na msikiti, mitungi mitatu.

Nikamtumia saa mbili asubuhi. Saa saba simu inaita.

"Kijana, huyu mteja wako mbona hapokei?"

"Mteja gani, mzee? Shikamoo."

"Marahaba. Mama Rehema! Bodaboda yuko Kigamboni tangu asubuhi!"

Jamani. Kijana wa watu kavuka pantoni na mitungi mitatu, kazunguka misikiti minne, anaulizia mwanamke niliyemzaa mimi kwa kibodi. Nauli ya pantoni, mafuta na soda ya bodaboda, vyote vikakatwa kwenye malipo yangu. Halafu mzee anauliza salio ni la nini tena, wakati programu imeshaisha na oda zinaingia!

Nikajifunza. Nikachukua Balsamiq, ya tangu 2008, ambayo inachora kwa makusudi mistari ya kupindapinda kama ya kalamu ya risasi, ili mteja ajue huu ni mchoro, kazi bado. Nikampelekea mkononi. Mzee akashusha miwani, akapandisha, akashusha.

"Hii umechora ndani ya daladala?"

"Ni mchoro wa awali, mzee."

"Mjukuu wangu wa chekechea anachora hivi, na hanidai laki nane."

Nikarudi kwenye Figma. Safari hii kila ukurasa nimeandika kwa herufi nyekundu: MFANO TU. Nikalala.

Jana usiku akanipigia, sauti ya chini kama anayenong'ona msibani.

"Niambie ukweli tu, kijana wangu, sitakasirika. Mama Rehema kahamia kwa yule muuza gesi wa ng'ambo ya barabara, eeh?"