Fundi wa pwani, panga chumba chako masika

Kila mwaka, Februari ikielekea Machi, simu yangu hujaa video za akina mama wa Ulaya na Marekani wakipanga vyumba vyao vya kushonea. Nje theluji, ndani wao na makasha yao ya plastiki: wanakunja vitambaa kwa kufuata rangi, wanabandika vikaratasi vya majina, wanasubiri majira ya machipuko waanze kushona magauni mepesi. Napenda kuwatazama, tena sana. Lakini ushauri wao ukiuchukua mzimamzima ukauleta Ngamiani, hapa Tanga, umekula hasara. Machi kwao baridi inaaga. Machi kwetu masika ndiyo yanabisha hodi, na hapo mpaka Mei iishe ni mvua, fukuto, na kanga zinazoshinda kwenye kamba kutwa nzima na jioni unaziingiza mbichi.

Mimi nasema hivi: fundi wa nyumbani wa huku pwani apange chumba chake masika hayohayo, asisubiri jua, na kupanga kwenyewe kuwe kupunguza. Rafu nzuri na makopo ya rangi moja ni hiari ya mtu. Kinachotumaliza sisi ni wingi wa vitambaa vilivyolala.

Muda upo. Mvua ikikaza wateja hawaji; atakayetoka Makorora kwenye tope lile ili apimwe gauni ana shida kweli. Zinazobaki ni kazi ndogondogo: zipu ya sketi ya shule, suruali ya kupunguza kiuno, kanga za kukata na kupinda. (Doti huja vipande viwili vimeungana, na kuna watu wazima wanaovaa kanga miezi bila kupinda mpaka nyuzi zinaning'inia. Hayo tuyaache.) Shughuli kubwa zinangoja Juni, shule zimefungwa, kipupwe kimeingia, ndugu wa Dar es Salaam wamepata likizo. Najua harusi zetu nyingi hufuata Shaabani na mifunguo, miezi ya Kiislamu, kwa hiyo huhama mwaka hadi mwaka. Masika hayahami.

Turudi kwenye yale makasha. Mwenzetu wa kule anakaa kwenye nyumba inayopashwa moto kipindi chote cha baridi, na hewa ikipashwa moto hivyo huwa kavu. Akikunja pamba yake akaifungia kwenye kasha lenye mfuniko wa kubana, anafungia ukavu. Wewe wa Chumbageni ukifanya hivyo Aprili, unafungia unyevu. Kitenge kipya kina wanga uliotiwa kiwandani ili kisimame na king'ae dukani, na kawa, ule ukungu wa nguo, huishi kwa wanga huo kabla ya kuingia kwenye pamba yenyewe. Unakuja kufungua kasha unakuta vidoti vyeusi vimejipanga kwenye mkunjo, palepale ulipotaka paje kifua cha gauni. Ukivifua vinafifia tu. Ukivitia jiki vinatoka, na rangi ya kitenge inatoka navyo.

Zamani tuliweka kila kitu kwenye rambo, tena tunapiga na fundo. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, tumehamia kwenye ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, na bila mtu kukusudia, nguo zetu zikapata nafuu, kwa sababu ile inapita hewa. Vitambaa vya wateja naviweka humo na kuitundika ukutani kwenye misumari, ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua. Rafu nayo isigusane na ukuta. Iache nafasi ya kupitisha mkono, maana nyumba zetu nyingi za zamani kuta zinanyonya maji kutoka chini. Kibakuli cha mkaa kabatini kinasaidia kidogo. Majani makavu ya mwarobaini nayaweka kwa ajili ya wadudu. Jua likitoka, hata kama ni la saa moja kati ya mvua mbili, acha unachokifanya uvianike vyote. Na udi? Udi ni harufu. Nguo yenye kawa ukiifukiza unapata kawa inayonukia.

Kitu pekee kwenye chumba kinachostahili kufungiwa ni sindano. Chukua iliyolala kwenye karatasi yake tangu mwaka jana, uburute ncha yake taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikiacha mchirizi, imekwisha. Wengi wanaangalia kama sindano imepinda, basi. Ncha hawaiangalii, na kutu huanzia huko, kidoa ambacho bila kuisogeza sindano dirishani hukioni. Kidoa hicho kikipita kwenye satini kinavuta uzi mmoja kuanzia begani mpaka kiunoni, na mteja atasema umemchania nguo. Atakuwa sahihi. Chupa ndogo ya kioo yenye mfuniko wa kuzungusha, ndani kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, na sindano zote humo kwa namba zake: 90/14 za vitenge, 70/10 za satini na lesi nyembamba, 100/16 za jinzi. Namba ya kwanza ni unene kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 90 ni milimita 0.9. Ya pili ni kipimo cha Marekani cha kitu hichohicho. Nimeieleza kwa sababu mafundi wengi wanaoanza huomba dukani "sindano ya kawaida", na kwenye kushona sijui ya kawaida ndiyo ipi.

Cherehani yangu ni ya miguu, na masika ndipo inaponipa raha, kwa kuwa umeme unakatika mvua ikishika na mimi naendelea. Lakini chuma ni chuma. Fungua kile kibati cha chini ya sindano. Juu utaona meno yanayosukuma kitambaa. Katikati ya meno na chini yake kuna vumbi la nyuzi lililokandamizwa likawa zulia, la rangi ya kila nguo uliyoshona tangu ulipofungua mara ya mwisho. Vumbi hilo linashika unyevu na kuugandamiza kwenye chuma mchana na usiku. Litoe kwa mswaki wa zamani na pini. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina maji. Kisha mafuta, na nasema mafuta ya cherehani, yale mepesi yasiyo na rangi, tone moja kila tundu. Mafuta ya kupikia yanateleza siku ya kwanza, baadaye yanageuka gundi, na fundi wa mashine atakutoza hela ya kuyakwangua. Ukishatia, shona kwenye kipande cha hovyo mpaka uzi uache kutoka na doa. Mkanda wa ngozi ukiwa umelegea, kata kidogo uunganishe upya. Hiyo ni kazi ya dakika chache, na sielewi kwa nini watu wanakanyaga pedali ya mkanda uliolegea mwaka mzima huku wakilalamika magoti.

Hapa sasa ndipo penye ugomvi: vitambaa vya wateja waliopotea. Kila fundi anavyo. Mtu alikuja na kitenge kizuri, akapimwa, akasema nitakuletea ya bitana Jumamosi, Jumamosi ile ikawa ya mwaka juzi. Mafundi wengine wanasema shona uuze. Bi mkubwa jirani yangu, ambaye alishona kanzu na buibui kabla mimi sijazaliwa, nilipomuuliza aliniangalia kama niliyetaka kuiba.

"Mwanangu, amana haikatwi mkasi."

"Sawa, bibi, lakini ikioza ndani mwangu?"

"Basi mwambie mwenyewe aje aichukue kabla haijaoza. Simu si unayo?"

Nakubaliana naye, na ndiyo maana kila kifurushi kwangu kina karatasi iliyobanwa kwa pini: jina, namba ya simu, tarehe, na kilichokubaliwa. Masika yakianza nawapigia wote. Wapo wanaostuka, "Shoga, kumbe bado unacho!", na wanakuja wamejaa shukrani. Wapo wasiopokea. Kwao naacha ujumbe wa maandishi, kisha kitambaa kinabaki mfukoni kwenye msumari, hakikatwi wala hakiuzwi. Nilichobadilisha ni mlangoni: bila malipo ya awali kitambaa hakiingii. Mteja anayeacha kitambaa bila senti amekifanya chumba chako stoo yake, na stoo hupangishwa.

Ninachopunguza bila huruma ni changu mwenyewe. Mipira ya kiuno kwanza: ivute, ukisikia inakatikakatika ndani, tupa, joto limeshaila, ukiitia kwenye sketi ya mtu itaachia hadharani. Nyuzi za pamba za zamani, vuta kwa mikono miwili; zinazokatika kirahisi hazishoni nguo, zinafaa kushikiza tu. Zipu za shaba zilizofanya ukijani, tupa. Vipande visivyotosha hata mfuko wa shati navipeleka vikajaze mito, ila viwe vikavu kabisa, vinginevyo unashonea mtu mto wa kawa.

Vitenge vya akiba ndivyo vinavyouma. Najua hoja, nimeishi nayo: chapa ikiisha dukani hairudi, na bei haijawahi kushuka nikiwa hai. Kweli. Lakini kitenge kilichokaa miaka mitatu kwenye fukuto la Tanga si kile ulichokinunua. Mikunjo imefifia, pindo limekamata manjano, na ile chapa uliyoionea wivu sasa inaonekana ya zamani hata kwako. Kama hujui utashona nini na kipande cha yadi sita, hutajua mwakani pia. Shona dera mbili rahisi ukazitundike mlangoni, au muuzie fundi mwenzako anayekihitaji leo. Naomba tuache kuita hifadhi kitu ambacho ni woga wa kukata.

Mtu atauliza, basi kipupwe kikiingia ufanye nini, kama usafi umeisha? Ushone. Juni hakuna nafasi ya kutafuta mkasi, maana kila nyumba ina mwali na kila mwali ana mashangazi wanaotaka sare ya mtindo mmoja kwa miili tofauti.

Kuhusu sare hizo, niseme mapema kabla ya foleni: kitenge na pamba vije vimeshalowekwa, vimefuliwa na kupigwa pasi. Ule wanga ukitoka kabla, kawa inapoteza chakula na kitambaa kinanywea kikiwa bado kipande. Kikinywea baada ya kushonwa, gauni linapanda juu ya magoti ukumbini, na shangazi wa bwana harusi hatamlaumu muuza duka.