Pikapu Inayopona Ikimwona Fundi

Pikapu yangu imenitumikia kwa miaka mingi bila manung'uniko, kwa hiyo sikutarajia kwamba katika uzee wake ingeanza kunisengenya mbele ya macho yangu. Ilianza na sauti. Kila nilipopita penye mashimo ilisikika keng'e, keng'e, keng'e, na nilipofika kwenye lami laini ikanyamaza kama mtoto aliyesikia hatua za baba yake. Siku chache baadaye umeme nao ukapandwa na wazimu. Nikiwasha indiketa, taa za mbele zinakonyeza kwa mapigo yale yale; nikiwasha taa za mbele, mshale wa joto unapanda kana kwamba injini inatokota; nikikanyaga breki, redio inakoroma; na waipa, ambazo nilizinunua mpya, zinajikokota kwenye kioo kama wazee wawili wanaosindikizana.

Ieleweke kwamba mimi si mtu wa kupuuza gari. Muda mfupi kabla ya vituko hivi nilikuwa nimebadilisha betri kwa mikono yangu mwenyewe, bila kumsumbua fundi yeyote, na kazi ilikwenda vizuri kiasi kwamba hata boliti moja ilisalia, nikaiweka akiba.

Ukitaka kujua idadi ya mafundi waliomo duniani, sema tu kwamba gari lako linapiga kelele. Wa kwanza, ambaye hana hata baiskeli, aliniambia bila kusita kwamba ni jointi ya propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Sasa jointi iliyokufa hugonga pale unapoingiza gia au unapoachia mafuta, yaani pale mzigo wa shafti unapogeuka, ilhali yangu ililia hata nikiwa nimelegea kwenye mwendo mmoja. Wa pili akasema ni beringi ya gurudumu. Beringi haisemi keng'e. Beringi huvuma, na mvumo wake hubadilika unapokata kona kwa sababu uzito wa gari huhamia upande mmoja. Wa tatu alitaja lile bati linalokinga joto la ekzosi, na kwa kuwa hoja yake ilikuwa na akili, nililala chini ya gari na kulipiga bati hilo ngumi moja baada ya nyingine. Halikutoa sauti yoyote. Lilitoa kutu, na kutu yote ilishukia machoni mwangu.

Kuhusu umeme, wote kwa pamoja walihukumu altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini ili kuzalisha umeme na kuchaji betri. Mtu akiona taa inafifia, tayari altaneta imeshtakiwa, imehukumiwa na kutafutiwa mrithi dukani.

Nilimwomba mke wangu aendeshe ili mimi nisikilize kwa utulivu. Nilizunguka na sikio langu kutoka mlangoni hadi sakafuni, nikijigonga kichwa kila shimo, naye akasema, "Mume wangu, mbona mimi naona sauti inatoka humu ndani, karibu na redio?" Nikamweleza kwa upole kwamba sauti husafiri kupitia chuma cha bodi, na kwamba kitu kinachogonga nyuma kinaweza kusikika mbele, jambo ambalo ni kweli kabisa. Akasema, "Haya."

Basi tukaenda kwa fundi. Uwanja wake ulikuwa wa saruji laini kama meza, tukazunguka mara tatu, na pikapu ikatembea kimya kama maiti. Hata indiketa, ambazo njiani zilikuwa zikizichezesha taa ngoma, zikawaka kwa adabu. Fundi akanitazama kama daktari aliyeletewa mgonjwa anayetafuna muwa. Nikamsihi awashe kila kitu kwa pamoja: taa, feni, waipa na honi. Hapo ugonjwa ukarudi, na sijawahi kufurahi kiasi kile kwa kuona gari langu ni bovu.

Akatoa mita. Injini ikiwa imezimwa, betri ilisoma volti 12.6, ikiunguruma, ilisoma 14.2. Kwa hesabu hiyo betri ilikuwa imeshiba na altaneta haikuwa na hatia, na nilitamani wale mahakimu wangekuwepo. Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa: akaacha taa zikiwaka, akagusisha ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bodi tupu ya gari. Mita ikasoma volti 2.8. "Hapa haitakiwi kuzidi hata 0.2," akasema, kisha akanishikisha kebo ya mafuta inayotoka kwenye pedali. Ilikuwa ya moto. Akanieleza kwamba umeme ukishapita kwenye taa lazima urudi kwenye betri kupitia bodi, na ukikosa njia yake halali utapenya kwenye vichochoro: kebo, geji, redio, balbu ya jirani. Kumbe kila chombo changu kilikuwa kikipitisha wageni kisiowajua.

Akainama pembeni mwa betri, akainua kwa vidole viwili waya mwembamba uliokuwa ukining'inia, ukigusa bodi pale tu ulipojisikia. Mwisho wake ulikuwa na pete safi kabisa, na kwenye bodi palikuwa na tundu tupu lenye ukubwa uleule.

"Mzee, huu waya hufungwa hapa. Boliti yake iko wapi?"

Nilisimama kwa muda nikilitazama lile tundu. Kisha nikaingia ndani ya pikapu, nikavuta kile kisahani cha majivu kilichoko chini ya redio, ambacho kwa kuwa sivuti sigara hakina kazi nyingine, nacho kikasema keng'e. Nikamkabidhi fundi boliti yake bila kumtazama usoni. Mke wangu, aliyekuwa ameketi kiti cha abiria, aligeukia dirisha na kuanza kuchunguza ukuta wa gereji kwa makini sana, mabega yakimtikisika.