Ringi Tu Nimetaka Jamani

Asubuhi spoki imekatika tena, tii! Ya tatu mwezi huu, gurudumu la nyuma, upande wa gia kama kawaida yao. Nimeikokota baiskeli mpaka kwa fundi, spoki yenyewe hata hakuigusa, kalaza rula kwenye ringi pale breki zinaposhika kaniita nichungulie. Mwanga unapita chini ya rula kama mlango wa choo. "Breki zimeila mzee, siku yoyote inapasuka. Katafute magurudumu." Katafute, anasema, kama nimetumwa kiberiti.

Ya mtumba niliyaona njiani, ukizungusha yanayumba kama mlevi, muuzaji anasema ni upepo. Ya kaboni nimesoma bei tu nikarudisha mikono mfukoni.

Sasa hapo dukani. Kijana kanipokea na shikamoo nzima nzima, kisha mtihani ukaanza. Breki za ringi au diski? Ringi. Ekseli ya nyuma milimita 130 au 142? Nikakohoa. Kaseti, yale meno ya gia ya nyuma, gia ngapi? Kumi. Aaa, hii habu, kitovu cha gurudumu, ni ya gia 11, itabidi tuweke washa, kipete cha milimita 1.85 nyuma ya kaseti isicheze. Moja nukta nane tano! Mimi nyumbani napima kwa vidole.

Halafu kwa sauti, duka limejaa watu: "Mzee una kilo ngapi?"

Nikavuta tumbo nikasema 78. Kijana kaniangalia, kaliangalia tumbo, nalo tumbo likachoka likarudi mahali pake. "Sawa mzee wangu." Kaja na magurudumu ya spoki 20 mbele na 24 nyuma, mepesi, ukizungusha yanalia zzzz kama nyuki, eti kwa kilo zako haya yanatosha kabisa. Na mimi najua, fundi anajua, hata ile spoki ya asubuhi inajua kwamba mimi ni mtu wa spoki 32. Lakini nitasemaje, nimenenepa tangu naingia? Nikaanza kuzunguka mbuyu, oh barabara mbaya, oh huwa nabeba mzigo.

"Mzigo kilo ngapi?"

Ishirini na mbili, nikasema harakaharaka.

"Kila siku?"

Kila siku.

"Na hauutui?"

Kaenda kuleta ya 32 bila neno ila alikuwa anatabasamu, na mimi sipendi kutabasamiwa. Nikamwambia nataka la nyuma tu, la mbele bado zima. Hayauzwi moja, ni pea. Kwani viatu? Na kaseti haimo, na tairi haimo, sasa nanunua nini, matundu?

Nimerudi kwa miguu nakuta jirani kachukua pampu yangu, eti toroli lake limelala. Pampu ya valvu nyembamba hiyo, toroli lina valvu nene, kaishindilia mpaka kichwa kimepasuka halafu ananiambia ilikuwa imechoka. Yeye huyu huyu nilimwazima ngazi, naiona kutoka hapa nilipo imeegemea ukuta wake, kaipaka na rangi.