Mzigo wa JavaScript anaubeba msomaji

Ukurasa wenye aya chache na picha mbili hauna sababu ya kuichosha simu. Hata hivyo kurasa nyingi za namna hiyo hukwama, na mara nyingi chanzo ni JavaScript. Brendan Eich aliiunda lugha hii ya programu kwa siku 10 tu, Mei 1995, akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari, ili kurasa zipate uhai kidogo. Leo, kwa takwimu za HTTP Archive, mradi unaopima kurasa za wavuti, ukurasa wa kawaida hupakua zaidi ya kilobaiti 500 za JavaScript.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Gmail ya mwaka 2004 na Google Maps ya 2005 zilionyesha kwamba kivinjari kinaweza kuwa mahali pa kufanyia kazi. Hati inayohaririwa na watu watano kwa wakati mmoja haiwezekani kwa HTML, lugha ya kupangia maandishi na picha za ukurasa, peke yake. React, maktaba ya JavaScript iliyotolewa 2013, ilizipa timu kubwa njia ya kugawa kazi vipande vipande bila kuvurugana. Tena, si haki kumtupia mwandishi wa programu lawama zote: msimbo wa matangazo na wa kufuatilia watumiaji mara nyingi huongezwa kwa amri ya idara ya masoko.

Lakini gharama yake haipimwi kwa kilobaiti tu. Picha ikishafika, kazi iliyobaki ni ndogo. JavaScript ikifika, simu huanza kuichambua, kuitafsiri na kuiendesha, na kwa kawaida kazi hiyo hupita kwenye uzi (foleni moja ya kazi za kivinjari) uleule unaopokea miguso ya mtumiaji. Ndiyo maana unaona kitufe, unakibonyeza, na hakuna kinachotokea. Kinachoniudhi zaidi ni seva kutuma HTML iliyokamilika, kisha kutuma msimbo unaopitia upya ukurasa uleule ili tu vitufe vifanye kazi. Kwenye kompyuta ya aliyeuunda, yenye prosesa ya nguvu, ucheleweshaji huo hauonekani. Kwa mwenye simu dhaifu, ndio tovuti yenyewe.

Wapo pia wanaofungiwa nje kabisa. Kitufe kilichotengenezwa kwa div, yaani kisanduku kitupu cha HTML, na JavaScript, bila uangalifu wa ziada, hakifikiki kwa kibodi wala hakitambuliwi na programu za kuwasomea wasioona. Kitufe halisi cha HTML huja na hayo yote bila kuandikiwa msimbo wowote.

Kwa hiyo naona swali la kwanza liwe hili: mtu akifika hapa, anasoma au anatenda? Programu ya kuhariri picha ipewe JavaScript yote inayohitaji. Habari, fomu ya maombi na tangazo la serikali vifike kama HTML na viendelee kufanya kazi hata msimbo ukishindwa kupakuliwa. Duka la mtandaoni liko katikati. Orodha ya bidhaa ni ya kusoma, kikapu ni cha kutenda, na zana za kujengea tovuti kama Astro huruhusu JavaScript ipelekwe kwenye kikapu pekee. Njia ipo. Kigumu ni kuwashawishi wakuu wa timu, kwa sababu wengi wetu siku hizi tunafundishwa React kabla hatujaijua HTML vizuri, na matangazo ya kazi yanatuuliza hiyo hiyo.