Mjomba, kopo hilo nipe mimi

Jumapili nilimkuta mjomba barazani, sigara mkono huu, kopo la vidonge mkono ule. Kalinunua shilingi 45,000 kwa kijana anayepita nyumba kwa nyumba. "Vya kusafisha mapafu," akaniambia. "Vimetokana na karoti tu, mjomba." Nikasoma kopo: beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza vitamini A. Chai ikanishinda.

Mzee huyu anavuta tangu kabla sijazaliwa, na kwa mvutaji hakuna kidonge ninachokiogopa kama hicho. Ufini watafiti waliwachukua wanaume wavutaji zaidi ya 29,000, baadhi yao wakawa wanapewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku, kwa miaka mitano hadi minane. Matumaini yalikuwa makubwa, kwa kuwa ilishaonekana kwamba wanaokula sana mboga na matunda hawaugui sana saratani ya mapafu. Majibu yalitoka 1994: waliomeza vidonge waliugua zaidi, kwa asilimia 18. Marekani nako walikuwa wanawapa wavutaji na watu waliofanya kazi na asbesto (madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu) beta-karotini pamoja na vitamini A. Januari 1996 wakasitisha kabla ya muda, maana saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17. Miaka yote hiyo imepita, na bado mtu anabisha hodi kwa mzee wangu na kumuuzia kitu kilekile!

Na beta-karotini hiyohiyo imo kwenye mchicha. Mchicha wa nazi, ambao shangazi anampikia kila siku naye anausukuma pembeni ya sahani, humpa kiasi ambacho mwili unakijua, kikiwa na nyuzinyuzi na mengine mengi, na mafuta ya nazi yanasaidia kukifyonza. Nyanya nazo zikiiva vizuri kwenye mafuta hutoa likopini, ile rangi yake nyekundu, kwa urahisi zaidi. Kabichi na sukuma wiki zina ladha ile ya ukali kidogo. Ukizikata, viini vyake hukutana na kimeng'enya (kichocheo kilichomo humohumo) na kuzaa kemikali ambazo, kwenye maabara, huamsha uwezo wa seli kuondoa sumu. Kwa hiyo kata, ziache kidogo, kisha kaanga upesi. Kuchemsha mpaka zilegee halafu kumwaga maji ni kumwaga kile ulichokitafuta.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mmea unaweza kutoa dawa halisi ya saratani. Vinkristini wanayodungwa watoto wenye saratani ya damu ilitokana na ua la Madagaska. Lakini hiyo hupimwa na daktari, tone kwa tone, kwa sababu ni sumu kali.

Na karanga zilizoota ukungu tupeni. Hakuna mboga inayofuta sumukuvu, sumu ya ukungu huo inayoweza kuleta saratani.

Kopo niliondoka nalo. Pakiti ya sigara alikataa kunipa, akaifunika kwa kiganja kama mtoto anayeficha pipi. Jumapili hii narudi, na shangazi ameahidi mchicha.