Kumi na Sita ya Shemeji

Jamani, mimi ni mtu mzima. Nikikohoa, watoto hupunguza sauti. Sasa leo asubuhi naitwa sebuleni na mtoto wa darasa la pili, ananiuliza, "Baba, mbona hawa wanakimbia kama wazee?" Hawa ni wachezaji wa gemu la mpira. Mshambuliaji anapiga shuti, mpira unaondoka, unasimama, unatafakari, kisha unaendelea na safari.

Na kompyuta niliipanga vizuri! Sinema kwenye runinga, gemu kidogo jioni, basi. Wenye mifuko kama yetu kadi ya grafiki, ile ya kuchora picha za gemu, tunaitazama kwenye picha tu. Unachukua prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, yenye grafiki humo humo ndani. Nikaichagua Ryzen 5 5600G, ya mwaka 2021, kori sita, yaani sehemu sita za kuchapa kazi, magemu mepesi haikatai. Ila ina tabia moja: haina memori yake ya picha, inakopa RAM, ile memori ya kazi ya kompyuta. RAM ikijikongoja, nayo inajikongoja. Kwa hiyo vijiti viwili vya GB 8, kila kimoja na njia yake. Nikaandika kwenye karatasi, "viwili" nikaipigia mstari, karatasi nikampa shemeji.

Shemeji anajua kompyuta. Nani kasema? Yeye.

Akarudi na kijiti kimoja cha GB 16.

"Shemeji, niliandika viwili."

"Nane na nane ngapi?"

"Kumi na sita."

"Na hiki?"

"Kumi na sita, lakini..."

"Lakini nini?" Akamgeukia dada yake. "Mumeo kasoma wapi hesabu?"

Nikajikaza. Nikamweleza taratibu kwamba RAM ya aina ya DDR4, ya kasi ya 3200, kijiti kimoja hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde, viwili 51.2. Ni njia mbili, shemeji, njia mbili! Akanisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mgonjwa kachelewa. Akasema, "Kwa hiyo nilitumwa RAM au nilitumwa barabara?" Mke wangu akacheka hadi akakaa chini. Nikatoa simu nimwonyeshe maelezo. Eti mtandaoni kila mtu anaandika anachotaka.

Haya, basi hela ya kijiti cha pili iko wapi? Kainunulia pawa saplai, kile kisanduku cha kuipa kompyuta umeme. Ya wati 1000! Prosesa yenyewe ni ya wati 65! Shemeji, mimi nataka kutazama sinema, sitaki kuchomelea mageti! Eti tukiongeza vitu baadaye. Vitu gani? Tutaongeza na nini, na hela iko ndani ya hilo tofali?

Na tofali lenyewe halikuingia. Kesi niliyonunua ni nyembamba, ya kukaa chini ya runinga kistaarabu, inataka pawa saplai ndogo. Sasa ya shemeji imekaa nje, nyaya zinaingilia ubavuni, kifuniko hakifungi. Mke wangu kaona haipendezi, kaifunika kitambaa cha maua. Nikakitoa, inataka hewa. Kikarudi. Nikakitoa. Hivi ninavyozungumza kipo, na feni inavuma chini ya maua.

Runinga nayo inakata kingo za picha, saa ya kwenye skrini sijawahi kuiona nzima. Kuna mahali pa kurekebisha, na pale pale unaiweka kwenye hali ya gemu ili ukibonyeza usisubiri. Lakini kufika huko unahitaji rimoti, na rimoti haina betri, zimewekwa kwenye kibodi isiyo na waya. Kibodi nayo imezimika, kwa sababu betri zake ziko kwenye saa ya ukutani. Ile saa imesimama tangu lini? Nimefungua nyuma: tupu! Nani anachukua betri humu ndani? Naomba nijibiwe. Hata kama ni shemeji. Hasa kama ni shemeji.